Rangi Mbichi Vidoleni

3 Machi

Binti yangu Karani,

Mwandiko huu ni wa mama yako, maneno ni yangu. Usishtuke. Mkono wangu wa kulia umefungwa bendeji wiki ya tatu sasa, na daktari amesema nisishike hata kijiko. Nilikuwa nimesimama nje ya karakana na ndoo ya rangi, gari dogo likarudi nyuma dereva akiwa anatazama kwingine, likanibana mkono ukutani. Rangi yote ikamwagika, tena nyekundu, watu wakapiga kelele kwamba nimekufa. Hicho ndicho kichekesho pekee katika mkasa mzima.

Mwenye gari ni mwalimu wa shule ya jirani, mtu mpole. Alinikimbiza hospitali yeye mwenyewe, akaja kunitazama mara mbili, akalia kama mtoto. Nikamwambia nimekusamehe, nenda ukafundishe. Kwa hiyo mambo yameisha. Nakwambia tu usije ukasikia kwa watu.

Kazi zinaendelea. Wateja wanajua bango la kwangu hata wakiliona kwa mbali.

(Hali chakula vizuri tangu juzi. Hili nimeongeza mwenyewe. Mama.)

Baba yako,
Fundi wa Mabango

10 Machi

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama, na ahsante kwa mabano.

Nimelia kwanza, ndipo naandika. Wiki tatu, Baba! Mimi nashinda kwenye meza ya madai ya bima kuanzia asubuhi mpaka jioni, nawaeleza watu nisiowajua haki zao, halafu baba yangu mzazi anabanwa na gari naletewa habari kama ya mvua kunyesha.

Unasema mambo yameisha. Hayajaanza hata. Najua utasema huna gari, kwa hiyo huna bima. Ni kweli huna. Lakini gari la mwalimu linayo, na bima hiyo haikukatwa kwa ajili yake peke yake. Imekatwa kwa ajili ya watu wa barabarani: mpita njia, mwendesha baiskeli, mzee mwenye ndoo ya rangi. Sisi tunamwita mtu wa tatu. Wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni, wa tatu ni wewe. Msamaha uliompa mwalimu ubaki palepale, ni wenu wawili. Kudai si kumgeuka. Analipa kila mwaka ili siku kama ile isimmalize yeye wala wewe, na kampuni ndiyo itakayotoa, si mshahara wake.

Nitumie nakala ya ripoti ya polisi, karatasi za hospitali, risiti zote hata za bendeji, na ushahidi wa kazi yako. Usitie sahihi karatasi yoyote kabla sijaisoma. Na uniambie daktari anasema nini hasa kuhusu mkono. Hasa, Baba.

Mwanao,
Karani

24 Machi

Karani wangu,

Bendeji imetoka lakini nimeshazoea kuwa na katibu, kwa hiyo anaendelea. Karatasi zote ulizoomba zimo humu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenipeleka polisi kuchukua nakala, na aliposikia nitadai alishukuru. Nilidhani atanuna. Kumbe wewe unajua kazi yako.

Daktari bingwa anasema mengi. Kuna mshipa wa fahamu uliopondeka kwenye kifundo, anataka kupasua. Gharama yake, tukiuza karakana na kitanda bado tutadaiwa. Mimi naona mkono utajirudi wenyewe taratibu.

Ushahidi wa kazi huo hapo: picha tano za mabango ya karibuni. Duka la dawa, kinyozi, chekechea, mshona viatu na lile refu la ghala la saruji. Waonyeshe hao watu wa bima wajue wanashughulika na nani.

Baba yako,
Fundi wa Mabango

(Ameenda kunawa, naandika haraka. Daktari alisema hivi: bila upasuaji kabla ya mwezi wa tisa, vidole vitatu havitashika tena kitu chembamba maisha yake yote. Baba yako alinikataza nisiandike. Nimeandika.)

8 Aprili

Shikamoo Baba,

Nimepokea kila kitu, na dai limeshafika kwenye kampuni ya bima ya mwalimu. Nimeomba mambo mawili: walipie upasuaji wote, na wafidie miezi ambayo mkono wako haufanyi kazi. Nimeambatanisha zile picha ili waone ulikuwa unafanya kazi ya kiwango gani kabla ya ajali.

Sasa niseme la moyoni. Lile bango la duka la dawa nimelitazama mpaka chai ikapoa. Umenilea katikati ya mabango, nazijua herufi zako kuliko sura za wajomba zangu, lakini hapa umejizidi. Zimepumua. Hakuna iliyobanwa, hakuna iliyoachwa peke yake. Ile D kubwa imekaa kama mtu aliyeshiba. Kabla sijaituma picha niliwaonyesha wenzangu ofisini, mmoja akauliza kama fundi huyu anachukua kazi za mbali. Nikasema huyo ni baba yangu, nikajisikia mrefu.

Mkaguzi wao atakuja kukutazama. Mwambie ukweli kama ulivyo. Usiongeze, na nakujua, usipunguze.

Mwanao,
Karani

6 Juni

Baba,

Wamekataa. Nakuandikia nikiwa nimekaa ngazini nje ya ofisi, sitaki wenzangu waone uso wangu.

Wanasema watalipa gharama za hospitali za mwezi ule wa kwanza, basi. Upasuaji hapana, fidia ya kazi hapana, kwa sababu mdai "anaendelea na shughuli zake kama kawaida". Wametaja ushahidi wa aina mbili. Kwanza, picha nilizowapelekea mimi. Mpiga picha amegonga muhuri wa tarehe nyuma ya kila moja, na zote ni za mwezi Machi, baada ya ajali. Mimi, ninayewafundisha wageni kazi hii, sikuzigeuza. Niliona uzuri wa mbele nikatosheka. Pili, mkaguzi ameandika kwamba siku aliyokuja, vidole vya mkono wako wa kulia vilikuwa na rangi mbichi ya bluu.

Wameambatanisha hati ya kumaliza madai. Ukiitia sahihi unapokea hicho kidogo na mlango unafungwa moja kwa moja. Usiitie. Tuna siku thelathini za kupinga.

Lakini nipinge nini? Kabla sijajibu kama karani, nijibu kama mwanao: mkono unafanya kazi au haufanyi? Kama unafanya, nimewaandikia watu uongo kwa jina langu. Kama haufanyi, nani amechora duka la dawa?

Mwanao

12 Juni

Mwanangu mpenzi,

Barua hii ni yangu tupu, bila mabano. Baba yako amekaa na barua yako siku mbili mfukoni. Mimi nitasema.

Duka la dawa nimechora mimi. Na kinyozi, na chekechea, na mshona viatu, na ghala la saruji ambalo lilinitia maumivu ya mgongo wiki nzima.

Wewe unakumbuka tulivyokuwa tukifanya. Baba yako anachora kingo, mimi najaza ndani. Miaka ishirini na miwili nimejaza herufi zake. Mtu akijaza herufi muda wote huo anaujua mwili wa kila herufi, anajua unene unaanzia wapi na unaishia wapi. Ajali ilipotokea, mwenye duka la dawa alikuwa ameshalipa nusu na ufunguzi ulikuwa Jumamosi. Baba yako alikuwa hospitali. Nikafunga mlango wa chumba cha nyuma nikachora. Aliporudi nyumbani akaliona limeegemea ukuta, akakaa chini. Akasema, "Wasijue." Nikasema sawa, kwa sababu nilidhani ni ya wiki moja.

Tangu hapo mimi niko nyuma, yeye yuko mbele kwenye kigoda anapokea wateja. Na tangu bendeji itoke, kila asubuhi, mwanangu, anachovya vidole kwenye kopo la rangi ninayotumia siku hiyo, ili mteja akiingia amwone ni mtu wa kazi. Siku ya mkaguzi ilikuwa bluu. Hakufanya kwa ajili ya kumdanganya mkaguzi, alikuwa ameshazoea. Nacheka nikiandika hili na machozi yananitoka.

Kuna jambo lingine na nitalisema mara moja tu. Barua yako ya Aprili niliisoma mara tatu, ya tatu nikaunguza mboga. Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kusema maneno yale juu ya kitu nilichofanya kwa mikono yangu. Nilimtazama baba yako. Akasema, "Mtoto ana jicho," akatoka nje. Niliumia. Kisha nikarudi chumba cha nyuma nikajivuna peke yangu, na mkono ukawa mwepesi siku ile.

Sasa wewe ndiye unayejua sheria. Tuambie tufanye nini.

Mama yako

19 Juni

Shikamoo Baba,

Mama ameniambia. Usimgombeze, amefanya nilichokuomba wewe ukanyamaza.

Sina hasira. Nilikuwa nayo Jumatatu, imeisha. Nimewaandikia kampuni kuomba ukaguzi wa pili, nimekiri kosa langu la picha, na nimeeleza kwamba aliyechora ni mtu mwingine. Lakini maelezo yangu ni karatasi tu. Mkaguzi atataka kuona kwa macho: Mama achore, kisha wewe ujaribu. Utatakiwa kujaribu kweli, Baba, na kushindwa mbele ya mtu. Najua nakuomba nini. Ningekuwa na njia nyingine ningeitumia.

Na yale niliyosema juu ya bango la duka la dawa, sirudishi hata neno moja. Nabadilisha anwani tu. Mama, ile D.

Mwanao,
Karani

4 Julai

Karani wangu,

Katibu ameshika kalamu na amekunja uso, kwa sababu nimemwambia leo ataandika kila ninachosema.

Mkaguzi alikuja jana saa nne asubuhi. Kijana nadhifu, viatu vyeupe, maskini, humu ndani. Nilinawa mikono kwa mafuta ya taa mpaka ikaniwasha. Nikaufungua mlango wa chumba cha nyuma wazi kabisa, nikatoa ubao nje, mchana kweupe. Mkaguzi akachagua maneno mwenyewe ili tusije tukawa tumejiandaa: USIEGESHE GARI HAPA. Mama yako akacheka, akauliza, "Kwa ukubwa gani?"

Mwanangu, sikuwa nimewahi kumtazama akichora. Alikuwa nyuma ya mlango, nami nilikuwa mbele nikitunza jina langu. Mimi huanza na herufi ya kwanza, naenda. Yeye anaanza katikati, anatoka kwenda pande zote mbili, na hapimi. Hapimi kabisa! Inakuja inakaa sawasawa kwenye ubao kana kwamba ubao ulikatwa kwa ajili yake. Nilikuwa namweleza mkaguzi, huyu sasa anapinda G, tazama bega lake, halafu nikagundua napiga kelele. Mama yako ni fundi kunizidi mimi nilipokuwa na mikono miwili.

(Sitaki kuandika sentensi hiyo. Ananilazimisha.)

Watu walikuwa wameshajaa. Kinyozi na taulo begani, mwenye duka la dawa, mwalimu na darasa zima dirishani. Mkaguzi akasema, "Sasa wewe, mzee." Nikashika brashi. Ilianguka kabla haijafika kwenye ubao. Nikaiokota kwa kushoto, nikaiweka kulia, ikaanguka tena. Mara ya tatu nilikaza meno, nikagusa ubao, nikavuta mstari kama njia ya konokono, halafu ikaanguka. Nikawageukia nikasema, "Mmeona. Mabango yote tangu Februari ni ya huyu. Mimi nilikuwa napaka vidole."

Niliogopa aibu ile miezi yote. Ilikuja kweli, ilikaa kama dakika moja. Kisha mwenye duka la dawa akapita mbele yangu kama sipo, akamwendea mama yako, akamuuliza kama ana nafasi wiki ijayo, anafungua tawi la pili. Nilijisikia fahari mpaka nikatafuta pa kukaa.

(Analia sasa hivi. Nimeandika bila kuambiwa.)

Baba yako

22 Julai

Baba! Mama!

Wamekubali. Upasuaji wote, pesa ziende hospitali moja kwa moja. Na fidia ya kazi pia. Walitaka kukwepa hapo, wakasema karakana haikufungwa hata siku moja kwa hiyo hakuna hasara. Nikawajibu kwamba karakana ilibaki wazi kwa sababu kuna mtu alibeba kazi ya majeruhi, na jasho la mtu huyo nalo limetokana na ajali, lihesabiwe. Mkaguzi aliniunga mkono. Viatu vyake vina doa la rangi, wanasema hataki kulifuta.

Hati mpya imo humu. Nimesoma jumla na masharti, yako sawa. Itiwe sahihi na inifikie kabla ya tarehe tano Agosti, maana daktari ametupa nafasi tarehe kumi na tisa na nafasi nyingine ni ya Oktoba. Oktoba mkono utakuwa umeshachelewa. Tia sahihi leo, Baba, kwa kushoto, hata alama tu.

Mwanao anayerukaruka ofisini,
Karani

28 Julai

Karani

Naandika mwenyewe. Mkono wa kushoto. Siku ya pili hii. Usicheke.

Mama yako hajui. Hajaiona hati. Nimeificha.

Ukurasa wa pili mstari wa sita. Soma. Wameandika kazi ilifanywa na msaidizi, mke wa mdai. Wakahesabu kwa malipo ya msaidizi.

Sikutia sahihi. Nakurudishia.

Pesa sizikatai. Nakataa hapo tu. Miezi minne nimekula sifa zake. Nikitia sahihi hapa nimezila tena, safari hii kwa muhuri. Waandike fundi. Wahesabu kama ambavyo wangenihesabu mimi.

Najua tarehe. Najua Oktoba. Mkono ukifa nitaishi bila mkono. Kuishi naye nyumba moja na karatasi ile kabatini siwezi.

Baba

2 Agosti

Baba,

Barua yako imefika leo. Nilikaa nayo nikiwa nimeshika kichwa. Kama karani nakuambia umefanya jambo la hatari, mteja yeyote angefanya hivyo ningemfokea. Mstari ule mimi niliupita. Niliona jumla, nikaona inatosha upasuaji, nikashangilia. Mama yangu mwenyewe, na sikuuona.

Nimeomba ruhusa. Sitaituma kwa posta, napanda basi sasa hivi naipeleka hati kwa mkono kwenye kampuni, na sitoki pale mpaka waandike upya. Mwandiko wako wa kushoto nimeuweka juu kabisa ya faili. Hakuna hoja yangu inayoufikia.

Mwanao

21 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Upasuaji ulikuwa juzi, saa tatu na nusu, na umekwenda vizuri. Hilo kwanza upumue.

Sasa la pili. Walipomwingiza ndani nilipewa koti lake nishike. Mfukoni nikakuta karatasi zimekunjwa, tano, zote zimeanza "Karani" kwa mwandiko wa kuku, zote zimeharibika katikati. Nilizisoma kwenye benchi la hospitali. Ya nne ilikuwa karibu imekamilika. Ndipo nikaelewa kwa nini hati ile ilikuja mara mbili, na kwa nini ya pili ilitaka sahihi yangu pia, na kwa nini penye kazi yangu paliandikwa fundi, wala sikuuliza, nilidhani ni utaratibu wao.

Nilikasirika. Nakwambia kweli, nilikasirika mpaka muuguzi akaniletea maji. Mkono wa mtu uoze kwa ajili ya mstari mmoja? Nilipanga maneno yote ya kumwambia akizinduka. Alipozinduka nikamshika mkono ule mzima na maneno yote yakapotea. Nimeolewa na mtu huyu miaka ishirini na sita na bado ananishangaza, mjinga huyu, na sijui nitamlipa nini.

Jana jioni daktari alifungua bendeji kidogo akamwambia ajaribu kidole cha shahada. Kilitikisika. Si sana, kama mtu anayeitwa akiwa usingizini, lakini tulikiona wote watatu. Daktari anasema kijiko na kalamu atashika, brashi tusubiri tuone. Akachukua jalada lake kuandika, akamuuliza, "Mzee, unafanya kazi gani?"

Aliulizwa yeye peke yake. Akajibu, "Tunachora mabango."

Mama yako